Mwanamke Aliyevalishwa Gileti

Kila mwaka, kabla ya mkutano mkuu wa chama chetu kuanza, mwandishi wa kamati husimama mbele na kutaja majina ya wanachama waliofariki. Kila jina likitajwa, watu wote huitika kwa pamoja: "Iko." Maana yake ni kwamba bado tunamhesabu kati yetu. Mwandishi huyo nimekuwa mimi kwa miaka mingi, tangu wakati wa vita, na kwa kuwa nasimama nikiwatazama wenzangu, naona midomo yao. Kulikuwa na jina moja ambalo likifika, sauti ya ukumbi ilishuka. Wageni hawakuweza kulitambua jambo hilo. Waliitika wale waliojiunga baada ya vita, wakaitika kwa nguvu. Sisi wa zamani tulifungua midomo tu.

Jina hilo lilikuwa la mwanamke ambaye hakuwahi kuwa mwanachama. Nataka kueleza jinsi alivyoingia kati ya marehemu wetu, na jinsi viongozi wawili, mmoja baada ya mwingine, walivyolishughulikia jambo lake.

Chama kilianza kabla ya vita. Kilikuwa cha watu wa parokia na watu wa msikiti pamoja, na kazi yake ilikuwa moja: kubeba wagonjwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa kwa machela, yaani tipoyi, mpaka hospitali. Kiongozi wetu alikuwa mkunga aliyestaafu. Mji mzima ulimwita Mama Prezida. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo na mabega mapana, na hakupenda kurudia neno.

Kisha ukaja mwaka ambao mji wetu, Kindu, ulifungwa. Garimoshi lilikuwa halijafika muda mrefu, mashua kutoka Ubundu hazikupanda tena, na barabara ya Kibombo haikuwa na mtu wa kuipita. Askari walishika mji. Maadui wao walishika msitu na mashamba. Anayetoka kwenda shamba alirudi akiitwa mpelelezi wa msitu, na anayekutwa shambani aliitwa mpelelezi wa mji. Tulikula majani ya viazi bila chumvi. Tulichemsha mapapai mabichi. Watoto walianza kuwa na nywele nyekundu, na mihogo ilikuwa ng'ambo ya mto, nyuma ya Alunguli, inaoza ardhini mbele ya macho yetu.

Mama Prezida alifanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa mji aliyelithubutu. Alikwenda kwa mkuu wa askari, akaongea naye. Halafu, kwa kupitia wavuvi, akafikisha maneno kwa watu wa msitu. Pande zote mbili zikakubali: mtu anayevaa gileti yetu, yaani kizibao, ataachwa avuke mto kwenda kuchukua wagonjwa. Gileti hizo zilikuwa za kitambaa cha buluu, na mgongoni zilishonwa alama ya mkono mweupe. Yeye mwenyewe alitunga sharti la kuzivaa. Hakuna atakayevaa gileti kabla hajasimama mbele ya kamati na kuonyesha kwamba anajua kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika, na kumbeba mwanamke mjamzito bila kumtikisa. Nilimwona akimrudisha mwalimu mmoja kwa sababu fundo lake lililegea.

"Ile gileti si nguo," alimwambia. "Ni neno. Ukivaa, umesema unajua."

Njaa ilipozidi, wanawake wakaanza kuja kwenye ua wake. Hawakupiga kelele. Walikaa chini na watoto wao, wakatazama gileti zikikauka kwenye kamba. Naamini angeweza kuvumilia kelele. Asubuhi moja nilifika kwake nikamkuta anamfunga mmoja wa wanawake hao gileti, anambana kamba za ubavuni kama anamvalisha mwanawe nguo ya Pasaka. Tangu hapo ikawa kawaida. Wabebaji wawili wa kweli walivuka na tipoyi, na pamoja nao mama mmoja mwenye gileti ya kuazima. Wakati wa kurudi, mihogo ilikuwa chini ya blanketi la mgonjwa. Chama kizima kilijua. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na dada au shemeji ambaye zamu yake ingefika.

Mwanamke ninayemzungumzia aliishi mtaa wa Mikelenge, jirani na Mama Prezida. Kabla ya vita alikaanga mikate barabarani, na sauti yake ya kuita wateja ilisikika mpaka kwenye njia ya reli. Mume wake aliondoka na garimoshi la mwisho kwenda upande wa Kalemie, hakurudi. Alibaki na mtoto mmoja wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema vizuri.

Nilikuwepo siku aliyovalishwa. Aligeuka huku na huku, akatuonyesha mgongo.

"Leo niko munganga," akasema. "Muniambie magonjwa yenu, kabla sijapandisha bei."

Tulicheka. Ilikuwa imepita muda hatujacheka. Mama Prezida hakucheka.

"Funga mudomo," alimwambia. "Na wakikuuliza kitu, nyamaza."

Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yote aliyopewa.

Yaliyotokea ng'ambo nilisimuliwa na mbebaji mmoja, mwanamume ninayemwamini, aliyeyaona kutoka kwenye kichochoro cha migomba. Yeye na mwenzake walikuwa wameingia nyumba moja kumtoa mwanamke aliyeshikwa na uchungu, naye akatoka kwanza. Yule mama alibaki peke yake shambani anachimba mihogo. Watu wa msitu wakatokea, wamembeba kijana wao mwenye jeraha la risasi kwenye paja. Waliona gileti, wakafurahi. Mbebaji yule alisisitiza hapo: walifurahi. Walimlaza kijana wao mbele yake juu ya majani wakasema, "Mama munganga, funga."

Alinyamaza kama alivyoagizwa. Lakini mtu anapotokwa damu mbele yako, kunyamaza hakutoshi. Alivua kitambaa cha kichwani, akakizungusha kwenye paja la yule kijana, akakifunga kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni: kwa upana, kwa upole, fundo mbele, akilirekebisha lisimuumize. Damu haikusimama. Aliendelea kulirekebisha fundo mpaka kijana akakata roho mikononi mwake. Ndipo mkubwa wao akauliza, "Huyu si munganga. Nani alikutuma kutuangalia?" Wakampiga risasi pale pale.

Waliwaacha wabebaji wamchukue. Alivuka mto kwa tipoyi, pembeni ya yule mwanamke wa uchungu, ambaye alizaa mtoto mzima jioni hiyo.

Maziko yalikuwa kesho yake. Sanda ilipatikana kwa shida, kipande kutoka nyumba hii na kipande kutoka nyumba ile, vikaunganishwa. Lakini jeneza halikuwa na kitu cha kulifunika. Katika mji uliofungwa, nguo ilikuwa imekwishauzwa yote. Imamu alisubiri, watu wakatazamana. Mama Prezida, aliyekuwa amesimama na wanawake kando ya njia, alifungua kikwembe chake cha chama, yaani kitenge cha sare, kilichokuwa mabegani, akampa mwanamume mmoja, na jeneza likafunikwa nacho.

Mtu asiye wa Kindu anaweza asielewe uzito wa tendo hilo. Kwetu, kikwembe cha chama hakifuniki jeneza la mtu mwingine. Si la mume wa mwanachama, wala la mtoto wake. Likipita jeneza njiani limefunikwa kikwembe cha wauza samaki, kila mtu anajua ni muuza samaki. Likifunikwa cha kwaya, ni mwimbaji. Hakuna anayeuliza, na baada ya hapo hakuna anayebishana. Nilisikia watu wakisema kando yangu, "Kumbe alikuwa wa chama." Nilimtazama Mama Prezida. Naamini mpaka leo kwamba alikitoa kwa huruma na kwa aibu, hakufikiri zaidi. Lakini nilimwona pia aliposikia maneno yale. Alifungua mdomo. Kisha jeneza likapita.

Baada ya siku chache mkuu wa askari alimwita Mama Prezida, naye akaniomba nimsindikize. Mkuu huyo alikuwa anakula karanga, anatupa maganda sakafuni.

"Mama, ule mwanamuke aliuawa ng'ambo, alikuwa wa kwenu ao hapana?"

"Bwana mukubwa, uliona jeneza lilipita hapa."

"Niliona."

"Uliona nini juu yake?"

"Kikwembe yenu."

"Basi."

Alitutazama, mmoja kisha mwingine. "Sababu nilisikia munavalisha gileti watu wa bure. Kama ni vile, nazichoma zote leo, na hakuna mutu atavuka tena."

"Uliona kikwembe," Mama Prezida alirudia, yeye asiyependa kurudia neno.

Tulirudi mpaka tukakaribia nyumbani kwake. Hapo akasema, "Sikusema uongo." Hakuwa ananiambia mimi.

Gileti hazikuchomwa. Wanawake waliendelea kuvushwa, na wengi wao wako hai, naonana nao sokoni pamoja na watoto waliozaliwa wakati ule, ambao sasa wana ndevu. Kwa hiyo sijawahi kuweza kusema kwamba alikosea juma lile. Nimejaribu kulipanga upya mara nyingi, nikiweka jibu lingine kinywani mwake, na kila mara naona moto na gileti ndani yake.

Lakini uongo ule ulihitaji mwenzake. Nje ya chama marehemu alikuwa mwanachama aliyekufa kazini. Ndani ya chama tuliogopa, kwa sababu watu wa msitu walikuwa wameapa kumjaribu kila mwenye gileti, na kila mbebaji alitaka apatikane wa kubebeshwa kosa. Katika mkutano wa kamati, mmoja akasema, "Gileti ilikuwa kwenye kamba. Alipita, akaichukua." Alisema akitazama meza. Mwingine akaongeza, "Hata mimi nilisikia vile." Sote tukamgeukia Mama Prezida, ambaye kwa mikono yake alikuwa amembana yule mama kamba za ubavuni. Kukanusha kulikuwa kutaja aliyemvalisha. Ndani ya chumba kile alikuwapo mtu ambaye angelifikisha neno hilo kwa askari kabla ya chakula cha mchana. Mama Prezida alipanga kikwembe chake magotini, akauliza kama kuna jambo lingine.

Hivyo marehemu akawa watu wawili. Kwa wageni alikuwa shujaa. Kwa majirani alikuwa mwizi.

Vita vilikwisha, kwa namna vilivyokwisha kwetu. Garimoshi likapiga honi tena na watu wakalia barabarani. Sababu ya kunyamaza ilikwisha. Kunyamaza kwenyewe kukaendelea. Hakuna aliyeamua kuwa kuendelee. Kila mwaka nilitaja jina, kila mwaka tuliitika, na kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kusimama na kusema.

Ila Mama Prezida alibadilika. Alianza kuwafundisha watu kufunga majeraha. Si wanachama tu. Aliwafundisha wasichana kwenye foleni ya maji. Aliwafundisha wageni kwenye harusi, huku muziki unapigwa, akivua kitambaa chake na kumnyooshea mtu mkono wake. "Funga hapa. Kaza. Hapana, si kama mutoto mugongoni. Kaza!" Watu walimpenda kwa bidii hiyo, wakasema uzee haujamshinda. Vijana walimfanyia utani, wakimwona anakuja walikunja mikono: "Mama, mimi nimeshafungwa jana!" Sisi wa zamani tulitazama pembeni. Niliwahi kumwona peke yake barazani kwake, mchana, kitambaa kimezungushwa kwenye mguu wa kiti, analifungua fundo na kulifunga, analifungua na kulifunga. Nilirudi nilikotoka bila kupiga hodi.

Yule mtoto wa kike alilelewa na shangazi yake. Sokoni Kasuku, wanawake walipogombana na shangazi, mtoto aliitwa "mutoto wa gileti", na kila mtu alielewa kuwa ni mtoto wa mwizi. Alikua na jina hilo. Akajifunza cherehani, akafungua kibanda chake, akawa fundi mzuri mwenye ulimi mkali uliomshinda yeyote aliyethubutu kumtania. Hakuwahi kukanyaga chama chetu.

Miaka ya karibuni chama kimekuwa kitu kingine. Kina ofisi yenye umeme wa jua, kina pikipiki za wagonjwa badala ya tipoyi, na kinaongozwa na koordinateri, yaani mratibu, mwanamume wa makamo aliyesomea sheria hapa hapa Kindu. Mama Prezida alibaki mwenyekiti wa heshima, anapewa kiti cha mbele. Koordinateri si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Kazi iliyokuwa inavurugika aliiweka sawa. Wafadhili walipokubali kutusaidia kujenga nyumba ya uzazi, ni yeye aliyepata wazo kwamba ipewe jina la mwanachama aliyeuawa akiwa kazini. Alikuwa amelisikia jina hilo kila mwaka kinywani mwangu, na aliitika kwa nguvu.

Alikwenda kwa binti, kwa adabu, kumwomba ruhusa ya familia. Binti aliendelea kushona mpaka akamaliza. Kisha akasema ana swali moja, na atalileta kwenye mkutano mkuu.

Koordinateri alirudi kwangu amekunja uso. Ilibidi nimweleze. Nilimweleza yote, na Mama Prezida akiwa ameketi pale pale, kichwa chini. Koordinateri alisikiliza vizuri, kama mwanasheria.

"Yaya," aliniambia mwishowe, akiniita kama ndugu yake mkubwa, "hii jambo, kisheria, iko nyuma yetu. Muda umepita. Askari wale hawako tena. Hakuna mutu wa kushitaki, hakuna wa kushitakiwa. Tukiifungua leo, tutaumiza chama, tutaumiza Mama hapa, tutaumiza marehemu. Tukiiacha, marehemu anapata nyumba yenye jina lake. Sasa uniambie, nani anaumia?"

Mama Prezida aliinua kichwa.

"Mutoto," alisema.

"Mama, mutoto atakuwa binti ya shujaa!"

"Kwa wageni," akasema Mama Prezida.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Nilitaja majina, tukaitika. Binti alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, amevaa nguo aliyoshona mwenyewe, hana kikwembe cha chama. Koordinateri alipomaliza kueleza habari ya nyumba ya uzazi na watu wakapiga makofi, binti akasimama.

"Nina swali. Mama yangu alikuwa mwanachama wa hapa?"

Koordinateri alikuwa amejiandaa. Alitabasamu kwa huruma.

"Dada yangu, karibu sana. Unajua, kwa kanuni zetu, anayesema katika mkutano huu ni mwanachama, ao mutoto wa mwanachama marehemu. Kama mama yako hakuwa mwanachama, huna ruhusa ya kuuliza. Kama alikuwa, basi nimekuruhusu, na swali lako limejibiwa."

Watu wakacheka. Ilikuwa imesemwa vizuri mno. Mzee mmoja alijipiga kofi gotini, "Ah, huyu alisoma!" Hata mimi nilihisi mdomo wangu unataka kucheka. Binti hakucheka, wala hakukaa.

"Sawa," alisema. "Basi niulize kama mutu wa njiani, mukitaka munifukuze. Kwenu mama yangu ni shujaa. Kule sokoni ni mwizi wa gileti. Mimi naishi sokoni. Gileti aliipata wapi?"

Kicheko kilikatika. Koordinateri alisema kwamba hapa si mahali pake, kwamba ofisi yake iko wazi, kwamba wataunda kamati ndogo. Alikuwa bado anazungumza wakati Mama Prezida alipoanza kusimama. Ilimchukua muda. Magoti yake hayako sawa, na hakuna aliyemsaidia, nadhani kwa sababu kila mmoja alitumaini hatafika juu.

"Mimi njo nilimuvalisha," alisema.

Sauti yake ni ndogo, na waliokaa nyuma waliuliza, "Amesema nini?" Neno likapita mstari kwa mstari, likisemwa na watu wengine, mpaka likamfikia binti mlangoni.

"Hakuiba," Mama Prezida aliendelea. "Aliomba chakula ya mutoto wake. Mimi nilikuwa na sharti, nililitunga mimi, na mimi nililivunja. Nilimufunga kamba na hii mikono. Halafu alipokufa, nikaacha watu waseme aliiba."

"Ulijua kwamba hajui kufunga kidonda?" aliuliza binti.

"Nilijua."

"Na ulimuambia nini?"

"Nilimuambia anyamaze."

Binti alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima kitambaa na kukuta ni kifupi kama alivyodhani. Koordinateri aliinama kwangu, akanong'ona, "Hiyo usiandike kwanza." Mama Prezida, ambaye siku hizi masikio yake si mazuri, aliusikia mnong'ono huo. "Andika," alisema.

Nikaandika. Koordinateri hakunizuia. Uso wake ulikuwa umechoka ghafla, na niliona kwamba alikuwa ameanza kuelewa nini maana ya kurithi chama: kwamba unarithi pia kilichozikwa chini yake.

Akamwuliza binti chama kifanye nini sasa. Aliuliza kwa kweli, bila hila.

"Jina la mama yangu musiliweke ukutani," binti alijibu. "Si sasa. Hapa munajua wote, naona kwenye nyuso zenu mulijua tangu zamani. Mimi nataka huyu Mama aende kusema ukweli sokoni, pale nilipotukaniwa. Meza kwa meza."

Kulikuwa na manung'uniko. Wengine waliona ni kumdhalilisha mzee. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Mutoto hana heshima!" Mama Prezida alisema tu, "Kesho asubuhi."

Walikwenda. Nilifuata nyuma kidogo. Soko la Kasuku asubuhi lina kelele, na jambo tulilodhani litaangusha mbingu lilipokewa kati ya kupima mawese na kurudisha chenji. Mama Prezida alisimama mbele ya meza, akasema maneno yale yale machache: yule mama hakuiba, mimi nilimuvalisha. Wauzaji vijana walimtazama kwa mshangao, hawakujua anazungumza habari gani. Mmoja alidhani anahubiri, akamwambia, "Amina, Mama." Mwingine alimnyooshea mkono tayari afungwe. Wa makamo walisema, "Tumesikia," na wakageukia mteja. Binti alisimama kando yake kila meza.

Tukafika kwa muuza mchele, mwanamke mkubwa, wa rika la marehemu. Huyu ndiye aliyeanzisha jina la "mutoto wa gileti". Soko zima lilijua hivyo. Alimsikiliza Mama Prezida mpaka mwisho, mkono wake ukiwa ndani ya mchele.

"Nilijua, Mama," alisema.

"Ulijua?" aliuliza binti. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo asubuhi hiyo.

"Umesahau, Mama? Hata mimi ulinivalisha. Kabla yake. Nilivuka na wabebaji wako, nikarudi na mihogo, watoto wangu wakakula."

Mama Prezida alimtazama usoni. Niliona kwamba alikuwa amemsahau kweli. Walikuwa wengi.

"Ulijua," binti alirudia, "na uliniita mutoto wa mwizi."

"Ningefanya nini?" Mwanamke hakukasirika, wala hakulia. Alisema kama mtu anayeeleza njia. "Watu walikuwa wanatafuta nani alivaa gileti bure. Waliposema yeye aliiba, waliacha kututafuta sisi. Kila nilipolisema jina lile, nililala vizuri."

"Na kule ng'ambo, hawakukuuliza kitu?"

"Hawakuniuliza kitu, mwanangu. Sikukutana na mutu. Nilichimba, nikarudi."

Mteja alikuwa amefika, ananyoosha mfuko wake, anatazama huku na huku bila kuelewa kwa nini hapimiwi. Muuza mchele hakumwona. Binti alisimama pale, mikono imelegea, na kwa mara ya kwanza sikuona ukali usoni mwake. Nadhani alikuwa amekuja na mtu mmoja wa kumkasirikia, na sasa alikuwa anatazama soko lote, meza baada ya meza, wanawake wa rika lile, vilemba vyao vimeinama juu ya bidhaa zao, na hajui ni wangapi waliovalishwa kama mama yake.

Mama Prezida alikuwa anapumua kwa nguvu. Nikasema labda tupumzike, tutarudi siku nyingine. Binti alimshika kiwiko, si kwa upole wala kwa ukali, wakaenda kwa wauza samaki.